Tundu ya Pili

Nilitoboa matundu mbili. Naanza na hiyo, ju sitaki mutu asome mpaka katikati halafu aseme Kitsa alimuficha kitu. Nilishaficha ya kutosha. Miye ni mécanicien, kazi yangu ni kuziba matundu, na ile mwaka ya 2002 nilitoboa mbili na mukono yangu mwenyewe, halafu nikajipiga kifua ginsi niko na akili.

Gari ilikuwa ya Edmond, muchuruzi wa bitenge hapa Butembo. Edmond ni mutu muzuri, lakini anapenda kuonekana. Alienda Kampala kutafuta camion, lori ya kubeba muzigo, akarudi na gari ndogo nyekundu ya milango mbili, ile ya kukimbia mashindano mu njia za udongo. Muhindi fulani alikuwa anakimbia nayo kule, akachoka.

"Edmond," nikamuuliza, "sasa mu hii kiatu utabeba bitenge ngapi?"

Akacheka. Lakini alipofungua capot, kifuniko ya motere, miye niliingiza kichwa ndani. Ilikuwa na turbo.

Kwa yule hajui: turbo ni gurudumu kadogo kenye moshi ya motere inazungusha, na kenyewe kanasukuma upepo kwa nguvu ndani ya motere, kama mutu anapuliza makaa. Huku kwetu juu mu milima upepo ni mwepesi, gari zingine zinapanda zinakohoa. Ile ilikuwa inapanda inaimba. Lakini ile upepo inapita mu tuyau za caoutchouc, mabomba ya mpira, na tuyau ikiwa na tundu, nguvu yote inatokea pale. Gari ikisimama inaguruma muzuri, utasema iko nzima. Uipandishe mulima, inalegea, inatoa moshi mweusi, na chini ya capot unasikia ssss. Batu wengi banafungua motere nzima kutafuta ugonjwa, kumbe ugonjwa ni upepo tu.

Kutafuta tundu si kazi ngumu. Unafunga mudomo ya turbo na kifuniko ya bidon, unaingiza upepo na pompe, unapakaa povu ya savon, sabuni, ku tuyau zote, na unatazama wapi inavimba. Savon yangu ilikuwa inatoka Beni, kwa ndogo yangu Nadège. Alikuwa anapika savon ya mawese, vipande vya manjano, na ku kila kipande anatia alama ya kidole gumba kabla haijakauka. Bwana yake, Kambere, alikuwa dereva wa camion ya Edmond, na kila safari alikuwa ananiletea vipande vitatu pamoja na neno yake.

"Nadège anasema, ukiona kidole yake unawe na uso pia, si gari tu."

"Umwambie uso yangu iko muzuri kupita ya bwana yake."

Tulikuwa tunacheka hivyo kila mara. Sisi kwetu tulizaliwa wawili tu, miye na Nadège. Baba alikufa zamani, mama alibaki Masereka na shamba yake ya viazi. Donc basi yule musichana ni miye nilimubeba mugongoni, na nilikuwa namupenda sana, hata kama sikumwambia.

Halafu askari bakaanza kuchukua magari. Sitasema askari wa nani. Ile wakati kila miezi balikuwa na jina ingine. Banaona camion, banapanda, banakwenda nayo, na wewe unabaki na kifunguo mu mufuko. Basi batu ya Butembo bakajifunza. Mumoja alizika pompe ya mazout, ya mafuta, mu shamba. Mwingine alipeleka batterie ku paroisse, kwa bapadri, ikalala nyuma ya sacristie. Mwingine alitoa magurudumu yote ine, gari ikaa juu ya mawe kama kuku ya kutamia. Gari nzima njo ilikuwa hatari. Gari mugonjwa ilikuwa na amani. Na kazi yangu ikageuka: batu banakuja na gari nzima, banasema, "Kitsa, uigonjweshe kidogo."

Edmond alikuja vilevile. "Hii nyekundu bameshaiona," akasema. "Fanya kitu."

Ya kwanza ilikuwa rahisi. Nililegeza collier, ile chuma ya kukaza tuyau, karibu na turbo. Mutu mwenye macho angeiona. Na miye nikajiambia: hii ni tundu ya kupatikana. Askari na wenyewe bako na bamécanicien. Wakiipata bataikaza, batafurahi, batakwenda na gari. Inaomba ingine ya kubaki. Nikalala chini ya gari, nikatafuta ile tuyau inapinda nyuma ya radiateur, upande wa chini, pale mukono haifiki muzuri, nikaipasua na wembe, urefu wa kucha ya kidole. Ukiitazama huioni. Ukiingiza upepo na pompe ya mukono, mudomo zake zinabaki zimefungwa, povu haivimbi. Inafunguka tu wakati turbo inasukuma na nguvu yake yote, ku mulima, na muzigo. Hiyo kazi ilikuwa safi. Bado naiona mu macho, na ninaichukia.

Commandant alikuja asubuhi na batu yake watano. Bakajaza mu ile gari, magoti kwa kidevu, bakapanda ku mulima wa cathédrale. Bakarudi na moshi. Mécanicien yabo akafungua capot, akapata collier, akaikaza, akacheka miye. Bakapanda tena. Bakarudi tena, moshi ileile. Commandant akanishika shingo.

"Lokuta te, usiseme uongo, mécanicien! Motuka inagonjwa nini?"

"Turbo imekufa, mon commandant. Kipande yake iko Kampala."

Akapiga mulango teke, akaenda kuchukua pick-up ya jirani. Edmond alinikumbatia mbele ya batu. Nilitembea wiki nzima kama mutu ameoa mara ya pili. Gari ikabaki kwangu mu kiwanja, na collier nikailegeza tena, kama bangerudi. Na nilikuwa na tuyau ingine, mupya, nilishaiagiza mbele; nikaifunga mu gazeti, nikaiweka chini ya kitanda yangu. Siku vita itaisha, nikasema, gari itaimba tena.

Bibi yangu Emérence nilimwonyesha collier, ju nilikuwa natembea-tembea na kazi, na mutu mumoja ku nyumba alipashwa kujua. Akainama, akatazama, akauliza, "Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu," nikajibu.

Ju ya nini nilisema vile? Emérence anaimba mu chorale na bamama makumi mbili, na nilijiambia kichwani kwamba siri mbili ni mingi kwa mudomo moja. Mudomo ya Emérence haijatoa siri yangu hata siku moja. Mudomo yenye ilidanganya ni yangu. Lakini ile siku nilijiona mwerevu, na mwerevu hataki mutu amusaidie.

Mu mwezi wa kumi na mbili, kabla ya Noël, vita ilikuwa imefika upande wa Mambasa. Batu balikuwa banafika Beni kwa miguu, na batoto, na magodoro kichwani. Camion ya Edmond, ile ya Kambere, ilikamatwa palepale Beni. Kambere akapanda mpaka Butembo kwa miguu na kwa kinga, baiskeli ya batu, kumwambia Edmond. Nadège alibaki Beni na tumbo ya miezi tisa. Miye nilikuwa Kasugho, siku ya tatu, natengeneza motere ya moulin ya kusaga unga.

Neno ilifika ku phonie, redio ya paroisse, asubuhi: Nadège ameanza kuumwa tangu jana. Mutoto amekaa kwa upana. Pale Beni ku maternité, nyumba ya kuzalia, hakuna tena dawa ya kulalisha mutu, yote imeisha ku bale bameumizwa na risasi. Wamupandishe Butembo, mbio, bamupasue.

Kambere alikimbia kwa Edmond. Edmond alikimbia kwa jirani zake. Hakuna gari. Muji nzima ilikuwa imeficha magari yake, ine bila magurudumu, tatu bila pompe, na mwenye batterie alikuwa amekwenda Kipese. Ilibaki ile moja tu ilikuwa na bitu vyote ndani yake. Ile nyekundu ya Edmond, mu kiwanja yangu.

Mambo inayofuata Emérence njo alinielezea. Kambere alifika mu kiwanja yetu bila salamu. Emérence akamupa kifunguo, akamwonyesha collier. Kambere hakukaza tu na kuondoka, hapana. Yule mutu alikuwa anajua kazi. Alisema, "Mama Emérence, sitaki kufika njiani nishangae." Akafunga mudomo ya turbo na kifuniko, akaomba pompe ya kinga, akapakaa povu ku tuyau zote, hata zile za chini, mukono yake ikachanika. Alitumia savon ya Nadège, ile yenye kidole. Akapiga pompe, Emérence akatazama. Hakuna povu hata moja ilivimba.

"Iko sawa," akasema. "Mungu ni mukubwa." Na akaenda.

Kwenda Beni ni kushuka. Ile njia gari haiombi nguvu. Alishuka mulima wa Kabasha na kilomita zingine zote na gari ikimutii kama mutoto ya shule.

Miye nilirudi saa sita ya mchana juu ya pikipiki ya mutu. Nikaona pale mu kiwanja gari haiko. Nikasema, bameiiba. Emérence akatoka mu jikoni, akaniambia yote mbio-mbio: Nadège, mutoto, Kambere, collier.

"Collier tu?" nikauliza.

"Wewe njo ulisema ni hiyo tu."

Aiya, mama yangu. Miye ni mutu wa kukasirika haraka, kila mutu Butembo anajua, lakini ile saa sikuwa na mutu wa kukasirikia. Niliingia mu nyumba, nikavuta ile tuyau mupya chini ya kitanda, nikachukua tournevis ya kukaza collier, nikamwambia mwenye pikipiki, "Peleka miye njia ya Beni, na usiniulize kitu." Emérence alikuwa anaita nyuma, "Kitsa, kuko nini? Kitsa!" Ile tuyau niliivaa ku bega, na njia yote nilikuwa naomba. Niliomba atoboke tairi. Niliomba askari bamusimamishe palepale Beni. Niliomba kila ubaya, ila ule wenye nilikuwa nimeutengeneza.

Nilibakuta Kabasha, katikati ya mulima. Gari nyekundu ilikuwa imesimama pembeni, capot wazi, na mawe nyuma ya magurudumu. Kambere alikuwa amepiga magoti mbele ya motere, mikono nyeusi mpaka ku kiwiko. Alikuwa amefunga tuyau na kipande ya kitenge na kamba ya chambre à air, ule mpira wa ndani ya tairi, na anakaza, anakaza.

"Yaya!" akapiga kelele aliponiona, ginsi tunaita kaka mukubwa. "Yaya, umekuja! Ilipasuka hapa ku mulima, paf! Nimeifunga mara tatu, nikipanda mita mia inafunguka tena. Batu balisukuma, bakachoka. Nadège anasema anasikia baridi, nikamupa koti yangu. Sasa amelala."

Nilitazama ndani. Nadège alikuwa ameegemea kiti ya nyuma, na koti ya Kambere mpaka ku kidevu. Kiti yote chini ilikuwa imelowana na damu. Nikamushika mukono. Ule mukono nilikuwa naujua tangu ukiwa mudogo kama wa paka. Haukunishika.

"Amelala, sivyo?" Kambere akauliza nyuma yangu.

Mwenye pikipiki alitoa kofia, njo Kambere akajua. Alikaa chini mu udongo, palepale, mbele ya gurudumu, akalia bila sauti, mudomo wazi. Miye sikulia. Miye nilifungua capot zaidi, nikatoa ile tuyau mbaya, nikaweka mupya, nikakaza collier mbili. Ilinichukua dakika kumi. Dakika kumi, Mungu yangu! Kazi ya dakika kumi, na tuyau ilikuwa chini ya kitanda yangu.

Halafu tulimupandisha. Kambere alikaa nyuma, kichwa ya Nadège ku magoti yake. Miye niliendesha. Na ile gari ikapanda Kabasha, ikapanda Maboya, haikutoa moshi hata kidogo, motere inaimba kama siku ya kwanza. Nilitamani inyamaze. Nilitamani ikohoe, ife, ituache njiani na yeye. Iliimba mpaka Butembo.

Tulimuzika Masereka, karibu na baba, yeye na mutoto bado ndani yake. Bamama balitaka kumutoa mutoto bamuzike peke yake, mama yetu Katungu akakataa. "Mubaache pamoja," akasema. "Hawajaonana."

Sasa mu jamaa yetu kuko desturi. Mwanamuke akifa kwa bwana yake, bwana anapashwa kusimama mbele ya watu wa bibi na kueleza ile kifo, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kaka ya marehemu njo anamuuliza. Na yule anajibu hawezi kukaa mpaka mukubwa wa nyumba amwambie, "Ikala," ni kusema, kaa. Hapo njo baba-mukwe, wajomba, wote banajua hakuna deni ya damu, na anakula pamoja nao. Baba hakuwa tena, donc wa kusema ikala alikuwa mama. Na kaka wa kuuliza alikuwa miye.

Ilikuwa siku ya tatu, asubuhi, kuko baridi, ukungu mu shamba za viazi. Wajomba balikaa ku mabenchi, bamama chini ku mikeka. Kambere akasimama. Alikuwa amekonda mu siku tatu kama mutu wa miezi. Mu mukono alikuwa anashika kitu, nikaona ni ile tuyau.

Nilisimama, nikauliza ginsi inaulizwa. "Kambere, tulikupa dada yetu akiwa muzima. Ni nini ilimuua?"

"Ni miye," akajibu.

Bamama bakapiga kelele. Akangoja, akaendelea.

"Bashemeji, mama, sitaficha. Bibi yangu alikuwa na uchungu, alikuwa ananiambia, Kambere, mbio. Nikafika mu Kabasha nikakanyaga sana. Ile gari ni ya watu, haiko camion, na miye nikaikanyaga kama camion. Tuyau njo hii, muione. Ilikuwa nzima. Niliipima miye mwenyewe na savon ya Nadège, haikuwa na kitu. Ni mguu yangu iliipasua. Kama ningepanda polepole tungefika. Siku zote nafikiri hiyo, silali." Akanigeukia. "Na ninamushukuru yaya Kitsa. Yeye peke yake njo alikuja. Alileta tuyau mupya juu ya pikipiki. Bila yeye, Nadège angelala ku barabara."

Muzee mumoja, ndugu ya mama, akatema mate chini. "Dereva," akasema. "Dereva wa haraka ametuulia mutoto." Wengine bakaguna. Na mama akamutazama Kambere, hakusema ikala.

Niliomba ile tuyau. Kambere akanipa na mikono yake mbili. Nikaigeuza. Mupasuko ulikuwa mrefu kama mukono, na pembe zake zimechanika-chanika, caoutchouc imevutika. Lakini ku mwanzo yake, urefu wa kucha, ilikuwa imenyooka, safi, laini. Hakuna mutu pale alikuwa anajua kusoma ile kitu. Wajomba ni wakulima. Kambere alikuwa anatazama na machozi. Ningesema caoutchouc ilikuwa ya zamani, yote ingeisha. Niliona hiyo njia, ninaapa. Niliisimamia kitambo, na niliitamani.

"Kambere," nikasema, "mguu yako haikupasua kitu."

Nikabaeleza. Commandant, wembe, tundu ya kupatikana na tundu ya kubaki. Nikabaonyesha na kidole pale wembe ilipita. Nikabaambia Emérence aliniuliza na nikamudanganya. Nikabaambia wapi tuyau mupya ilikuwa imelala. Miye ni mutu wa maneno mingi, lakini ile siku sikupata hata moja ya kunisaidia, nilisema tu ginsi ilikuwa.

Kambere alinyoosha mukono, akashika tena ile tuyau, akapitisha kidole gumba polepole pale mwanzo, pale palinyooka. Alipitisha mara nyingi. Hakunitukana. Ningependa anitukane.

Mama akauliza, "Ile ya pili, ulimwambia nani?"

"Hakuna mutu, mama."

"Hata mumoja?"

"Hata mumoja."

Akatikisa kichwa kidogo, kama mutu ameelewa bei ya kitu. Halafu akamugeukia Kambere. "Ikala, mutoto yangu," akamwambia, na akasogeza mukeka wake kumupa nafasi karibu naye. Kambere akakaa, akaweka kichwa ku bega ya mama, na yeye akamushika.

Miye nilikuwa bado nimesimama, ju sasa miye njo nilikuwa nimejibu ile kifo. Nikangoja. Bakaleta maji ya kunawa, na savon. Ilikuwa kipande ya Nadège, na kidole yake juu, na kila mutu akanawa kwa zamu yake. Bakaleta bugali na sombe, bakaanza kula. Mvua ikaanza, bakabeba masahani, bakaingia ndani na Kambere katikati yabo. Mama aliishi miaka sita ingine. Alikuwa ananipokea, ananipikia, ananiuliza afya ya Emérence. Ile neno, ikala, hakuniambia.